Mtoto Aliyelelewa Vizuri Husema Ameshiba

Mama yangu alikuwa na jicho. Tukienda kwa watu, chakula kikiletwa, hakuwa anasema neno. Alinitazama mara moja tu, na mimi nikajua jibu langu: "Asante, nimeshiba." Hata kama tumetoka nyumbani na chai ya rangi bila kitafunwa. Hata kama nyama inanukia mpaka mate yanajaa mdomoni. Mtoto anayedaka chakula cha watu anaitwa mroho, na uroho wa mtoto ni aibu ya mama yake. Nimelelewa hivyo, na wanangu nikawalea hivyo hivyo hapa Sombetini, Arusha, bila kufikiri hata siku moja kwamba adabu hii inaweza kumlaza mtoto na njaa mbele ya macho yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba ninachoshonea kinatazama uani, na nje yake pana benchi. Mwaka juzi binti yangu, akiwa darasa la nne, alianza kuja na mwenzake wa darasani wafanye hesabu pamoja kwenye benchi hilo. Saa tisa na nusu alasiri ndipo ninapopumzisha mgongo na kubandika chai, kwa hiyo siku ya kwanza nikamkaribisha mgeni wetu. "Asante mama, nimeshiba." Siku ya pili, nimeshiba. Siku ya tatu kulikuwa na mihogo ya kukaanga na kachumbari, binti yangu anakula huku mwenzake ameinamia daftari, na jibu likawa lile lile. Nikajisemea moyoni, huyu mtoto amelelewa. Usiku ule nilimsifu kwa binti yangu, nikamwambia ajifunze kwake.

Siku ya nne nilikuwa nakata kitambaa karibu na dirisha nikamwona kwenye bomba. Alikinga kikombe akanywa. Akakinga tena, akanywa. Akakinga cha tatu. Kisha akasimama, mkono mmoja tumboni, kama mtu anayesubiri kitu kitulie, halafu akakinga cha nne. Ilikuwa Julai. Anayeijua Arusha ya Julai anajua watoto wanashinda na masweta mpaka jioni. Hakuna mtu anayekunywa vikombe vinne vya maji ya bomba kwa baridi ile kwa sababu ya kiu.

Niliweka mkasi chini. Maji ya namna ile niliwahi kuyanywa mimi mwenyewe.

Kesho yake sikumkaribisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa ungo wa maharage achambue mawe. Alifanya kazi ile vizuri sana, mawe anayaweka kwenye kifuniko, maharage yaliyotobolewa na wadudu pembeni peke yake. Alipomaliza nikaweka sahani tatu, yangu, ya binti yangu na yake, nikakaa, nikaanza kula. Sikusema karibu wala sikuuliza kama ana njaa. Alitazama sahani, akanitazama mimi, akaenda kunawa. Alikula taratibu. Ugali aliukata vipande vidogo vidogo kwanza, akaupanga kuzunguka sahani, ndipo akaanza kuchovya kimoja kimoja. Niliinamisha macho kwenye sahani yangu mpaka akamaliza, maana nilihofu nikimtazama ataacha.

Baadaye, kidogo kidogo, nikaijua siku yake ilivyo. Mama yake anatoka nyumbani alfajiri kufuata ndizi soko la Kilombero, anazitembeza kwenye beseni, na anarudi saa moja au saa mbili usiku kutegemea biashara. Asubuhi kuna chai. Jioni mama akifika kuna chakula, na huyo mama hajawahi kulala bila kupika. Katikati hapo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, hakuna kitu. Watu wakisema "familia fulani wanakula mara mbili kwa siku" inasikika kama hali inayovumilika. Hesabu saa zilizo katikati ya hizo mara mbili, halafu katika saa hizo weka hesabu za sehemu, imla, mwendo wa kwenda na kurudi, na mwili wa miaka kumi unaotaka kurefuka.

Shuleni kwao, ambako sitapataja kwa jina kwa kuwa walimu wengi wa pale ninawaheshimu, makande yalikuwepo saa sita mchana. Lakini kulikuwa na orodha. Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, na hilo ni jambo kubwa, limeingiza darasani watoto ambao wangebaki nyumbani. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa, hata hivyo, kiliachwa kuwa jukumu la mzazi. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo uliliweka wazi. Kwa hiyo kamati ya shule inakaa na wazazi, inapiga hesabu ya mahindi, maharage, mafuta, chumvi, kuni na malipo ya mpishi, inagawanya kwa vichwa. Mwenye fedha analeta fedha, mwenye debe la mahindi analeta debe. Asiyeleta, jina la mwanawe linabaki kwenye karatasi bila alama ya vema.

Nilikwenda siku moja kwa shughuli ya sare, ikanikuta saa ya chakula. Watoto wamepanga foleni na mabakuli yao ya plastiki. Nyuma ya madarasa kulikuwa na wengine kama ishirini hivi wanacheza rede na mpira wa makaratasi, na nikashangaa jinsi walivyokuwa wanapiga kelele, kelele nyingi kuliko mchezo wenyewe. Nikamuuliza mmoja, mbona hamli? Akajibu bila kufikiri, "Sisi hatupendi makande." Wa pili akasema hapendi. Wa tatu hapendi. Watoto ishirini wa Arusha, wote hawapendi makande! Wimbo ulikuwa ule ule wa nimeshiba, wameubadilisha maneno tu.

Simlaumu mwalimu aliyeshika karatasi ile. Akimpakulia asiyechangiwa, wiki ijayo nusu ya wazazi wataacha kuchanga, na sufuria litafungwa kwa wote. Hasira yangu iko kwenye mpango wenyewe, kwa sababu unamtoza mtoto deni la mtu mzima, na unalidai saa sita mchana, mbele ya wenzake, kwa harufu ya maharage.

Kuna jambo jingine linaniuma hapa. Takwimu za lishe tunazozisikia sana ni za watoto wadogo. Utafiti mkubwa wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, kutoka asilimia 34 za utafiti wa 2015/16. Hao wadogo wana kadi ya kliniki. Kila mwezi mama anambeba mtoto, anamning'iniza kwenye mzani, nesi anatia nukta, na mstari ukianza kushuka mtu anauliza. Mzani haujui adabu, unasema kilo zilizopo. Kadi ile inaishia miaka mitano. Baada ya hapo hakuna anayempima mtoto kila mwezi. Tunamuuliza yeye mwenyewe. Na miaka hiyo hiyo ndiyo anayokuwa ameshafundishwa akaiva kwamba akiulizwa aseme ameshiba.

Kwa hiyo swali lililonikaa kichwani halikuwa tena chakula kitatoka wapi. Nilijiuliza nitampa vipi chakula mtoto ambaye hatakubali kamwe kwamba anakihitaji, na nimpe bila kumvunjia mama yake heshima.

Jibu moja nililipata karibu na nyumbani kuliko nilivyotegemea. Ukishika barabara ya Moshi, ukapita Tengeru, upande wa Usa River na Maji ya Chai kuna kijiji kinaitwa Imbaseni. Hapo ndipo walipoweka maskani Pete O'Neal na mkewe Charlotte, anayejulikana kama Mama C, Wamarekani Weusi walioanzisha kituo cha jamii cha UAACC (United African Alliance Community Center) mwaka 1991. O'Neal aliongoza tawi la Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani Weusi, mjini Kansas City kabla ya kukimbia nchi yake mwaka 1970 kwa sababu ya kesi ya bunduki, na aliingia Tanzania 1972. Wengi wakisikia Black Panther wanawaza koti jeusi na silaha. Mimi nawaza uji. Januari 1969, katika kanisa la St. Augustine mjini Oakland, chama kile kilianza kuwapa watoto kifungua kinywa cha bure kabla ya shule, na mwaka ule ule jambo likaenea miji mingi, Kansas City ikiwemo. Mtoto alikuwa anaingia, anakaa, anakula. Hakuna aliyemuuliza baba yako anafanya kazi gani. Mkuu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wa wakati huo, J. Edgar Hoover, aliuona mpango ule kuwa hatari kubwa, na nadhani aliuelewa vizuri: mtu anayemlisha mtoto wako bila kukuaibisha, unamsikiliza.

Serikali ya Marekani ilikuwa na majaribio yake ya kifungua kinywa shuleni tangu 1966, ikayafanya ya kudumu mwaka 1975. Lakini kilichonifungua macho zaidi ni chakula cha baada ya masomo, ambacho sheria ya mwaka 2010 ilikifikisha katika majimbo yote. Wenzetu hawapimi mtoto, wanapima mtaa. Ikiwa katika shule ya eneo lile nusu ya wanafunzi au zaidi wanatoka katika nyumba za kipato kidogo, basi kituo cha masomo ya jioni kilichopo pale kinaweza kulisha kila mtoto anayeingia mlangoni, wa tajiri na wa maskini, bure, bila fomu ya mzazi. Nilisoma hayo kwenye simu nikiwa nimeketi kwenye cherehani, nikayasoma tena. Mtaa ndio unaohojiwa. Mtoto anaachwa ale.

Na Kenya, hapa jirani, Wawira Njiru alianza mwaka 2012 kule Ruiru na watoto 25, na leo shirika lake la Food4Education linalisha watoto kwa maelfu kwa maelfu. Watoto wanavaa bangili, mzazi anaweka fedha kwa simu, mtoto akifika anagusisha bangili na kupakuliwa. Uzuri wake naona uko hapo kwenye kugusisha. Kila mkono una bangili, na aliye nyuma kwenye foleni hawezi kujua nani kalipiwa na nani.

Sisi hatuna bangili. Tuna ua, benchi mbili, sufuria mbili kubwa zilizokuwa za shughuli za msiba, na wanawake watano. Tulianza na watoto sita. Siku hizi ni kati ya thelathini na arobaini, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa tisa na nusu. Tumejiwekea sharti moja ambalo nimekataa kabisa liguswe: haliandikwi jina la mtu. Mtoto akiingia anapewa kazi ndogo, kuchambua, kufuta benchi, kumsomea mdogo ukurasa mmoja. Halafu anakula kwa sababu amefanya kazi, na akirudi nyumbani ana la kusema. Watoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi wanakuja pia, wamevaa viatu vya ngozi, nami nawapakulia kijiko kile kile. Mtu mmoja wa mtaani alinilaumu kwamba nawapa walioshiba. Nilimjibu kwamba bila hao walioshiba, benchi langu lingekuwa benchi la maskini, na yule mtoto wa vikombe vinne asingekaa hapo hata dakika moja.

Kwenye kupika ndiko nilikojifunza mengi, na niruhusu nikae hapo kidogo, maana nia njema haiivishi mahindi.

Tulianza na makande, na kama wapishi wengi wa huku tukatia magadi. Makande na magadi yanaiva upesi, kuni zinapona. Ni mwanamke mmoja kati yetu, aliyewahi kufanya kazi zahanati, aliyenifungua macho. Alinishika kidevu kama mtoto akaniambia, "Fundi, hebu cheka." Meno yangu yana rangi ya chai, kama ya watu wengi tuliokulia kwenye miteremko ya Meru. Ni floridi. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano yanaibeba, na magadi yanayo pia. Rangi hiyo huingia utotoni, meno yanapojijenga ndani ya fizi; ukishakua ubaya umekwisha kuingia. Nimeishi maisha yangu yote nikiziba mdomo kwa ncha ya khanga ninapocheka, na hapo nilikuwa nakoroga kitu kile kile kwenye chakula cha watoto arobaini. Magadi yaliondoka siku hiyo hiyo. Sasa maharage na mahindi tunayaloweka tangu usiku, asubuhi maji yale yanamwagwa, na kwa kweli kuni zinazoongezeka ni chache kuliko tulivyoogopa.

Mahindi nayo yana habari yake. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Mahindi ya bei ya chini kabisa pale Kilombero mara nyingi ndiyo yaliyolala na unyevu, na anayepikia wengi kwa fedha kidogo ndiye anayeshawishika kuyachukua. Tumekubaliana bora kupika kidogo. Punje yenye rangi ya kijani, nyeusi, au iliyosinyaa inatoka, na karanga za uji wa lishe tunanunua zikiwa nzima tuzione kwa macho kabla ya kusaga. Watoto wana macho makali kuliko sisi kwa kazi hii.

Tumeondoa chai. Hilo lililalamikiwa kuliko yote. Chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, na kwa wasichana wanaokaribia kuvunja ungo madini hayo si ya kuchezea. Badala yake kuna kipande cha chungwa au ndimu ya kukamulia, ambavyo vinasaidia. Mboga ni mnafu, mchicha, na ngogwe zikiwa rahisi. Mnafu zamani ulidharauliwa, lakini pale Tengeru kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kimeufanyia kazi kwa miaka mingi pamoja na mboga nyingine za asili, na bibi zetu wa Kiarusha na Kimeru walikuwa wanaujua bila kituo. Watoto wanasema ni mchungu. Tukautia karanga, sasa sufuria linakwanguliwa.

Mabadiliko niliyoyaona siwezi kuyaita utafiti. Naweza kusema tu kwamba zamani saa kumi na moja jioni ua ulikuwa na ugomvi, watoto wanasukumana, wanalia kwa kuguswa kidogo. Nilidhani ni utundu. Siku hizi saa kumi na moja kuna kelele za kujibishana jedwali la nane.

Mama yake yule mtoto wa vikombe vinne alikuja mwezi wa tatu tangu tuanze. Nilimsikia kabla ya kumwona.

"Hodi fundi."

"Karibu mama."

Hakukaa. Alikuwa na beseni tupu ubavuni na khanga ameifunga kiunoni, kama mtu aliyekuja kupigana. "Nimekuja kukuuliza swali moja tu. Nani kakwambia mwanangu ana njaa?"

Nilikuwa nimeliwaza swali hilo siku nyingi, na bado liliponifikia mikono ilinitetemeka. "Hakuna aliyeniambia, mama. Mwanao kila siku ananiambia ameshiba."

Alinyamaza. Aliniangalia kwa muda mrefu, na ninaamini aliliona jicho la mama yake mwenyewe, lile lile nililoliona mimi. Halafu akatazama uani. Watoto walikuwa wamejaa kwenye benchi na chini kwenye mikeka, na binti yake alikuwa amesimama kwenye sufuria na upawa, anapakulia wenzake, anawakemea wanaosukumana.

"Hawa wote wa nani?"

"Wa mtaa."

"Na wa duka la nondo nao?"

"Nao."

Akaweka beseni chini. Hakusema asante, na ningeumia kama angesema. Alivuta kigoda, akachukua ungo wa mahindi ya kesho, akaanza kuchambua. Baada ya kitambo akasema, bila kuinua uso, "Chumvi yenu ni ndogo."

Tangu hapo Jumatano ni yake. Lakini kuna pengo ambalo lilinisumbua muda wote: Jumamosi. Siku hiyo mimi napeleka nguo za wateja, wenzangu wengine wana vibanda, na ua unafungwa. Kila Jumamosi saa tisa na nusu nilikuwa nikirudi nawakuta watoto wawili watatu wameketi kwenye ukuta wa nje, wanachezesha miguu, na nikiwauliza wanafanya nini wananijibu wanapumzika.

Yeye ndiye aliyelitatua. "Jumamosi ndizi zangu zinakwisha saa sita," aliniambia. "Zinazokatika kwenye mkungu watu hawazitaki. Niachie ufunguo."

Jumamosi iliyopita nilirudi na mfuko wangu wa nguo nikamkuta uani na ndoo mbili za mshare, mifupa ya supu imeshachemka. Alikuwa anamenya yeye na binti yake, mikono imepakwa mafuta ya kula hadi kwenye viwiko kwa ajili ya utomvu. Ukutani hakukuwa na mtu. Walikuwa ndani wote, kumi na tisa, wanasubiri mtori, na mdogo kuliko wote amepewa kazi ya kufukuza kuku kwenye maganda.